Mama, Ungempa Nesi Mwanao? Habari ya Watoto wa Amsterdam

SEHEMU YA 1

Leo sitaongelea homa, wala kuharisha, wala uji wa lishe. Naomba mnivumilie, nina habari ya zamani imenikaa kifuani.

Wiki iliyopita nilikuwa zamu ya usiku, wodi ya watoto. Akaja mama mmoja, msichana tu, na mtoto wa miezi minne anahema kwa shida. Ilitakiwa nimchukue mtoto haraka nimpeleke chumba cha pili kwenye oksijeni. Hatua kumi, hazizidi. Nikamwambia, "Mama, nipe mtoto." Hakunipa. Ananisikia, ananielewa, lakini mikono imekataa. Ikabidi nimshike bega, nimuite kwa jina la mwanae, "Mama fulani, nipo naye, nitakuita," ndipo akaachia. (Mtoto anaendelea vizuri, msiwe na wasiwasi. Kesho yake alikuwa ananyonya kama kawaida.)

Asubuhi nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani nikawa nawaza: huyu alishindwa kuachia hatua kumi, tena kwa nesi, tena hospitalini. Je, wale mama wa Amsterdam waliwezaje?

Basi nimeamua kuwasimulia. Ni habari ya watoto wa Kiyahudi wa Uholanzi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ni nzito. Kama una mimba changa au umejifungua juzi na moyo bado mwepesi, soma taratibu, au mwambie baba akusomee kwanza.

SEHEMU YA 2: Haikuanza na treni

Watu wengi tukisikia habari za Wayahudi na Hitler tunafikiria moja kwa moja kambi za mauaji. Lakini haikuanza huko. Ilianza na karatasi.

Ujerumani iliivamia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940. Baada ya siku nne mji wa Rotterdam ukapigwa mabomu hadi katikati yake yote ikabaki kifusi, na Uholanzi ikasalimu amri. Wakati huo nchi ilikuwa na Wayahudi kama 140,000, na wengi wao waliishi Amsterdam. Walikuwa ni watu wa kawaida kabisa. Fundi cherehani, muuza matunda, mwalimu, mama wa nyumbani anayemgombeza mtoto amalize chakula.

Mwanzoni mwa 1941 ikatoka amri: kila mwenye asili ya Kiyahudi ajiandikishe. Karibu wote wakaenda. Usiwashangae. Waholanzi walikuwa watu wa utaratibu, serikali ikisema jaza fomu, unajaza. Nani angejua kwamba fomu ile ndiyo itakayotumika kumfuata nyumbani kwake, mtaa na namba ya mlango?

Mimi nesi nikisoma hapo naogopa kidogo. Kazi yangu nusu ni rejista. Jina la mtoto, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, anakoishi. Naandika ili mtoto apate chanjo. Rejista hiyohiyo ikiwa mikononi mwa mtu mbaya inakuwa mtego.

Baada ya karatasi, wakafuata watoto. Mwaka 1941 watoto wa Kiyahudi waliondolewa shule za kawaida, wakatakiwa kusoma kwenye shule zao peke yao. Mtoto aliyekaa dawati moja na rafiki yake miaka mitatu, anaambiwa wewe kuanzia sasa huku huji. Wakakatazwa kwenda bustani za mji, mabwawa ya kuogelea, sinema, hata bustani ya wanyama. Fikiria unamweleza mtoto wa miaka minne kwa nini mwaka jana alimuona tembo na mwaka huu haruhusiwi. Unamwambia nini?

Mei 1942 ikaja nyota ya njano. Kila Myahudi kuanzia mtoto wa miaka sita alitakiwa ashonewe nyota ya kitambaa kwenye nguo, ionekane. Na nani anashona nguo za mtoto? Mama. Mama ndiye aliyekaa na sindano usiku akishona alama ya kumtambulisha mwanae kwa watu wanaomtafuta.

Julai 1942 treni zikaanza.

SEHEMU YA 3: Ukumbi na nyumba ya ng'ambo

Sasa tuingie kwenye mtaa wenyewe. Unaitwa Plantage Middenlaan, pale Amsterdam. Mtaa mpana wenye miti, na tramu inapita katikati. (Tramu ni kama treni ndogo ya mjini, inapita barabarani pamoja na magari.)

Upande mmoja kulikuwa na ukumbi wa maigizo, Hollandsche Schouwburg. Watu walikuwa wanakwenda pale kucheka na kusikiliza muziki. Kuanzia majira ya joto ya 1942 Wajerumani waliugeuza kuwa mahali pa kuwakusanyia Wayahudi waliokamatwa. Watu walikaa pale siku kadhaa, wengine wiki, wamebanana, viti vimesukumwa pembeni, vyoo havitoshi, hewa nzito. Kutoka hapo walipelekwa kambi ya Westerbork, na kutoka Westerbork treni za kwenda Auschwitz na Sobibor, Polandi.

Ng'ambo ya barabara, ukitazamana na ukumbi, kulikuwa na kituo cha kulelea watoto wadogo wa Kiyahudi. Mkuu wake alikuwa mama mtu mzima aitwaye Henriëtte Pimentel. Alikiongoza tangu 1926 na walezi walimuogopa na kumpenda kwa pamoja, si unajua wale mametroni wa zamani! Alikuwa na wasichana wanaosomea malezi ya watoto, wengine wa miaka 17, 18. Hawakuwa manesi wa hospitali kama mimi, ila walivaa sare, waliogesha watoto, walipima joto, walibembeleza usiku.

Oktoba 1942 Wajerumani wakaamua watoto waondolewe ukumbini wawekwe kwenye kituo kile, mpaka siku familia itakapoitwa kusafirishwa. Sababu haikuwa huruma. Vilio vya watoto viliwasumbua. Basi mama anabaki upande huu, mwanae yuko upande ule, na katikati ni barabara na askari mlangoni.

Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Ukumbini kulikuwa na mtu aitwaye Walter Süskind. Alikuwa Myahudi aliyekimbia Ujerumani, na Baraza la Wayahudi lilimweka asimamie shughuli za ukumbi. Kijerumani kilikuwa lugha yake ya nyumbani, kwa hiyo aliweza kupiga soga na maofisa, kunywa nao, kuwafanya wamuone ni mwenzao. Kumbe usiku yeye na mwenzake Felix Halverstad walikuwa wanachezea kadi. Kila mtu aliyeingia alikuwa na kadi yake. Kadi ya mtoto ikipotea, mtoto huyo kwenye hesabu za Wajerumani hayupo. Na mtoto asiyekuwepo, hakuna wa kumtafuta.

Nimewaambia rejista ni mtego. Sasa mnaona na ufunguo wa mtego ulikuwa palepale.

SEHEMU YA 4: "Nipe mtoto"

Lakini kabla kadi haijapotezwa, kulikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwanaume wa ofisini aliyeweza kuifanya. Mtu alitakiwa kuvuka barabara, aingie ukumbini, amtafute mama, achuchumae karibu yake, amnong'oneze: tunaweza kumtoa mwanao. Hatujui atapelekwa wapi. Hatuwezi kukwambia ni kwa nani. Hatujui kama utamuona tena. Unakubali?

Kazi hii walifanya wale wasichana. Msichana wa miaka 18, hajawahi kuzaa, anamwambia mama wa mtoto wa miezi sita maneno hayo.

Wengine walikubali. Wengi walikataa.

Mama mmoja aliyesoma sehemu iliyopita ameniuliza, "Sasa anakataaje jamani, si bora apone?" Ndugu yangu, tusiwahukumu. Sisi tunajua mwisho wa habari, wao hawakujua. Waliambiwa wanapelekwa mashariki kufanya kazi. Kazi ngumu, baridi, njaa, sawa, lakini mama yupo. Wewe ungekubali mwanao wa mwaka mmoja alale kwa mtu usiyemjua jina, wakati mikono yako ipo, maziwa yapo? Kumfunika mwanao na mwili wako ndiyo akili ya mama tangu dunia iumbwe. Wale waliokataa waliwapenda watoto wao sawasawa na waliokubali.

Na wasichana wale hawakuruhusiwa kulazimisha. Walirudi ng'ambo, wakaendelea kumuogesha mtoto yuleyule, wakijua. Na siku familia ilipoitwa, ni walezi haohao waliowaamsha watoto usiku, wakawavalisha, wakawavusha barabara kuwarudisha kwa wazazi wao waondoke pamoja. Mimi niliposoma hapo niliweka simu chini nikaenda kunywa maji.

Kwa wale waliokubali, ilikuwaje?

Njia zilikuwa nyingi. Mtoto mchanga aliwekwa ndani ya begi, au kikapu cha nguo za kufua, au gunia, akatolewa nje kama mzigo. Waliokuwa wakubwa kidogo walitolewa na tramu. Askari alisimama mlangoni kwa ukumbi, ng'ambo. Tramu ikija ikasimama katikati, kwa sekunde kadhaa haoni mlango wa kituo. Mlezi anatoka na mtoto, anatembea sambamba na tramu hadi kona, au anaipanda. Inasemekana abiria waliona, wakaelewa, wakanyamaza.

Njia nyingine ilikuwa matembezi. Walezi waliruhusiwa kuwatoa watoto kidogo wapate hewa. Wanatoka wengi, wanarudi pungufu.

Na njia kubwa ilikuwa uani. Jirani na kituo kulikuwa na chuo cha ualimu cha Kikristo, na mkuu wake alikuwa Johan van Hulst, kijana wa miaka 32 wakati huo. Bustani za nyuma zilitenganishwa na ua tu. Walezi walipitisha watoto juu ya ua, yeye na wanafunzi wake wakawapokea, wakawaficha darasani, hadi vijana wa vuguvugu la siri walipokuja kuwachukua. Wengi wa vijana hao walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Waliwapandisha watoto treni kwenda mbali, kaskazini Friesland, kusini Limburg, kwa wakulima na wachimba makaa ya mawe ambao hawajawahi kuonana na Myahudi maishani.

Na yule mama aliyeachia mtoto mchanga? Akiitwa kusafiri lazima aonekane amebeba kitu. Walezi walionusurika wamesimulia kwamba alipewa mwanasesere aliyefungwa kwenye blanketi. Akapita mbele ya askari amembeba kifuani, anambembeleza.

Soma sentensi hiyo tena polepole. Mimi siwezi kuiongezea neno.

SEHEMU YA 5: Siku ya mwisho

Kazi hii iliendelea miezi michache tu. Katika muda huohuo treni hazikusimama. Kati ya Machi na Julai 1943 watu 34,313 walipelekwa kutoka Uholanzi hadi Sobibor. Waliorudi ni 18. Juni 1943, kutoka kambi ya Vught, waliwaondoa watoto kwa makusudi, tarehe 6 na 7: zaidi ya watoto 1,200, pamoja na mzazi mmoja au wote wawili. Walipitishwa Westerbork, wakapelekwa Sobibor, wakauawa karibu mara tu walipofika.

Julai 1943 Henriëtte Pimentel akakamatwa. Septemba mwaka huo akauawa Auschwitz, akiwa na miaka 67. Msichana aitwaye Virrie Cohen akashika nafasi yake, kazi ikaendelea.

Tarehe 29 Septemba 1943 Wajerumani wakaja kukifunga kituo. Watoto wote waliobaki waondoke. Van Hulst alisimulia baadaye, akiwa mzee, kwamba siku hiyo alisimama mbele ya watoto wapatao 70, 80, labda 100, na alijua hawezi kuwachukua wote, kwa sababu wote wakipotea siri itajulikana na hata waliokwisha kufichwa watasakwa. Akachukua 12. Baadaye akajiuliza kwa nini hakuchukua 13. Alisema hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote maishani mwake. Alifariki 2018 akiwa na miaka 107. Ukipiga hesabu, alilibeba swali hilo miaka 74.

Wengi mtasema alikuwa shujaa, na ni kweli. Lakini sisi wa hospitali tunaijua ile hesabu yake. Unaweza kuokoa kumi na mbili, na usiku usingizi ukakatwa na yule wa kumi na tatu.

Süskind alikuwa na mke na binti mdogo. Angeweza kuwaficha mapema, lakini alibaki kazini hadi alipokosa ujanja. Familia yake ilipelekwa Auschwitz mwaka 1944, mke na mtoto wakauawa. Yeye alifariki mwanzoni mwa 1945, vita ikielekea mwisho.

Kwa jumla, kutoka nyumba ile waliokolewa watoto wapatao 600. Upande wa pili wa mizani: watoto wa Kiyahudi, Waroma na Wasinti waliopelekwa kutoka Uholanzi na kuuawa ni karibu 18,000. Ulaya nzima, watoto wa Kiyahudi waliouawa wanakadiriwa milioni 1.5. Nimeandika namba hizo kwa sababu sitaki mbaki na habari ya uokoaji peke yake mkalala vizuri. Waliookolewa walikuwa wachache sana.

SEHEMU YA 6: Waliobaki

Mnaniuliza, watoto wale ilikuwaje?

Walipewa majina mapya. Mtoto wa miaka mitano anafundishwa: jina lako sasa ni hili, ukiulizwa sema umetoka Rotterdam, nyumba yenu ilipigwa bomu. Ilikuwa uongo mzuri kwa sababu Rotterdam ilikuwa imeungua kweli, na watoto wasio na makazi walitoka kule. Wengine walihamishwa nyumba baada ya nyumba, kila walipozoea sauti ya mama mmoja wakapewa mwingine. Wengi walipata familia zilizowapenda kama wao. Wapo pia walioteswa, tuseme ukweli.

Wachanga walisahau kabisa. Uholanzi ilikombolewa Mei 1945, na kati ya Wayahudi kama 107,000 waliosafirishwa, walirudi takriban 5,000. Ukiwa mmoja wa hao 5,000, umekonda, nywele zimenyolewa, unabisha hodi mlango wa shamba fulani, mwanao anajificha nyuma ya gauni la mama mwingine. Anamuita yule "mama". Wewe anakuogopa.

Mama zangu, mtoto yule anatenganishwa mara ya pili. Na mama aliyemlea miaka mitatu, akahatarisha shingo yake, naye anaachia. Mikono ileile.

Na wengi hakuna aliyebisha hodi. Yatima walikuwa karibu 2,000. Serikali iliunda tume ya kuamua nani akae na nani: warudi kwa ndugu na jamii yao ya Kiyahudi, au wabaki na familia zilizowaficha. Yalikuwa mabishano makali yaliyochukua miaka. Pande zote mbili walisema wanampenda mtoto, na pande zote mbili walikuwa wanasema kweli.

Walezi walionusurika nao walinyamaza muda mrefu. Walizaa, walilea, wakazeeka, na wengine hawakusimulia hadi wajukuu walipouliza. Ukiwasoma utashangaa: hawazungumzi sana kuhusu waliowatoa. Wanazungumza kuhusu wale waliowavalisha viatu usiku.

Ukumbi ule leo ni mahali pa kumbukumbu. Na lile jengo la chuo cha ualimu, Machi 2024 limefunguliwa kuwa makumbusho ya taifa ya maangamizi yale. Tramu bado inapita katikati ya mtaa.

Sina somo kubwa la kuwaachia. Mimi si mwanahistoria, nina diploma yangu ya uuguzi na simu yenye kioo kilichopasuka. Ila kuna jambo moja nimebadilisha wodini. Zamani nikimchukua mtoto kwa mama nilikuwa nasema tu, "Mama, lete mtoto." Nina haraka, wagonjwa wengi, mnatujua. Sasa nasimama. Namuuliza jina la mtoto, hata kama nimelisoma kwenye faili. Ananitajia, nalirudia, naliandika kwenye utepe wa mkononi yeye akiona. Inachukua nusu dakika. Halafu namwambia ninakompeleka na nani atakuwa naye.

Maana nimeelewa kwamba nikisema "nipe mtoto", ninaomba kitu kikubwa kuliko vyote alivyonavyo. Mama wa Amsterdam waliombwa wakiwa hawana hata jina la kule anakokwenda.

Usiku huu ukimfunika wako, mtaje jina lake lote, la kwake na la ukoo. Hata kama amelala.

Nawapenda. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu, nimeahidi kueleza dalili za nimonia kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, sijasahau. Usiku mwema.